Mkwe wa Mzee Anyosisye

Tukuyu,
9 Machi 1997

Mdogo wangu Idrisa,

Asalaam aleikum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Khartoum, wewe na joto lako. Mimi ni mzima, ila mafua hayaniachi. Huku mvua inanyesha kama mtu aliyeajiriwa: inaingia kazini asubuhi na haitoroki.

Nimeshapangiwa shule na ninafundisha Historia. Nimepanga chumba uani kwa Mzee Anyosisye, upande wa kwenda Kawetele. Ni mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, anatembea na fimbo asiyoihitaji. Mkewe tunamwita Mama Ackson. Ackson ni mtoto wao wa mwisho, hajaoa, anapeleka ndizi Dar es Salaam kwa Fuso tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, na akirudi anasimulia bei za Dar kama mtu anayesimulia vita.

Nikuambie jambo moja kuhusu Mama Ackson. Siku niliyohamia aliniuliza, "Mwalimu, ninyi nguruwe hamli, sivyo? Na chungu kilichopikiwa nguruwe?" Nikamwambia hapana. Jumamosi akaenda sokoni akanunua sufuria mpya, akaitundika msumari wake peke yake jikoni. Hakuna anayeigusa. Ikipikwa mbalaga, ndizi za huku, ya wote, yangu inapikwa humo, na ananipakulia kwanza. Watoto wa jirani wanaiita sufuria ya Mwalimu.

Lakini nitakuficha nini wewe? Nina upweke, Idrisa. Msikiti upo mjini, waswalio wengi ni wafanyabiashara, na wanawake hatuendi sana. Shuleni rafiki yangu ni Lightness, mwalimu wa Kemia kutoka Moshi, anayecheka kila kitu. Nikirudi nasoma, nikimaliza nafikiri, na kufikiri kwangu unakujua.

Kaseti ulizotuma zimefika kwa mkono wa mtu wako. Nazisikiliza kwa sauti ya chini. Huyo msemaji analia kweli, na mimi nikalia. Sikuwahi kusikia mtu akiizungumzia dini yetu kama jambo la leo. Kwa Baba dini ilikuwa maulidi, ubani na wali. Lakini yako mambo sikuyaelewa. Anaposema tuwaache makafiri, anamaanisha hata mtu kama Mama Ackson? Nijibu. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma kwa mkaa nyuma ya mlango. Sasa zamu yako kunifundisha.

Mama anasema bado hujawaandikia. Waandikie.

Dada yako,
Zaina


Khartoum,
2 Juni 1997

Kwa dada yangu Zaina,

Amani iwe juu ya kila afuataye uongofu. Mimi ni mzima wa mwili, na moyo wangu ni mzima zaidi.

Nimefurahi kwamba umelia. Kuna watu wanaishi miaka sitini hawajalia mara moja kwa ajili ya umma.

Umeuliza kuhusu huyo mama na sufuria yake. Dada, hapo ndipo shetani anapoingia, kupitia tumbo na huruma. Sisi tunapenda kwa ajili ya Mungu na tunachukia kwa ajili ya Mungu. Mtu asiyechukia hajapenda bado. Usianze kuwasalimu. Usile nao. Usisimame kwenye makaburi yao. Funika uso wako wasikuzoee. Kama wanakutendea wema, ni kwa sababu hawajui bado wewe ni nani. Waonyeshe.

Kuhusu Baba, naumia kusema. Maulidi yale, kuzuru makaburi, kuomba kwa majina ya masheikh waliokufa, huo ni ushirikina. Siwezi kumwandikia kama hakuna kitu. Nitamwandikia akitubu.

Unadhani maneno haya ni ya vitabuni. Nilipofika huku niliugua malaria karibu nife, na wale waliotoa ufadhili wa masomo yangu hawakujua hata chumba changu. Walionichukua ni ndugu hawa. Mmoja alikuwa akinishikia bakuli nitapike. Alikwenda milimani kupigana, akauawa. Nimeonyeshwa picha ya uso wake. Anatabasamu, Dada. Watu walioibeba maiti wanasema ilinukia miski. Nani kwetu Kondoa amekufa akitabasamu?

Natuma kaseti nyingine tatu. Zisikilize kwa mpangilio.

Ndugu yako,
Idrisa


Tukuyu,
20 Oktoba 1997

Ndugu yangu Idrisa,

Asalaam aleikum. Habari ya afya na masomo? Mimi nimekonda kidogo, lakini silalamiki.

Nimefanya. Nimeona nikuandikie kwa ufupi kwa sababu nikieleza sana nitaanza kujisifu.

Nimefunika uso. Shuleni mkuu ameniita, tumekubaliana darasani nifunue, njiani nifunike. Lightness akaniambia mbele ya ofisi nzima, "Zai, umekuwa ninja? Unakwenda kuwapiga akina nani?" Niliinuka nikatoka. Sasa hakai tena na mimi wakati wa chai.

Sufuria nimeirudisha. Niliiosha, nikaiweka mlangoni kwa Mama Ackson bila kubisha. Ninapika chumbani kwangu kwa jiko la mafuta ya taa, na moshi wake umeharibu kuta.

Mzee Anyosisye simsalimu. Siku ya kwanza tulikutana kwenye njia ya kisimani, mimi natoka na ndoo, yeye anakuja. Nilivuta ushungi, nikageuza uso kwenye migomba, nikapita kimya. Nilitegemea atanigombeza. Alipita zake. Siku ya pili yeye ndiye aliyeniona kwanza, na unajua alifanya nini? Aliacha njia. Mzee yule, na fimbo yake, aliingia kwenye migomba yenye umande mpaka magotini, akanipa mgongo, akasimama mpaka nikapita. Tangu hapo anafanya hivyo kila mara. Hata akiwa amekaa barazani, akisikia mlango wangu anakohoa na kuingia ndani. Majirani nao wakimwona yuko njiani wananiashiria kwa mkono nisubiri.

Nimekumbuka maneno ya kaseti, kwamba ukisimama na haki Mungu hutia hofu katika mioyo yao. Nilidhani ni maneno tu.

Wiki iliyopita mtoto mchanga wa Tulia amefariki. Tulia ni jirani anayeniuzia maziwa. Huku msiba ukitokea hakuna anayebaki nyumbani. Wanalala huko, wanalia huko. Mama Ackson alipita dirishani akasema, "Mwalimu, tunakwenda kwa Tulia." Nikanyamaza. Akasimama kidogo, akaondoka. Nilikaa kitandani nikisikia vilio kutoka ng'ambo ya bonde siku nzima. Sikwenda. Na kesho yake Tulia aliniletea maziwa kama kawaida.

Sijui kwa nini nimekuandikia hili la maziwa.

Dada yako,
Zaina


11 Februari 1998

Kwa dada yangu katika imani,

Amani na rehema ziwe juu yako. Barua yako nimeisoma mbele ya ndugu, na mmoja wao amesema: laiti wanaume wetu wangekuwa na nusu ya moyo wake. Hofu uliyoiona machoni mwa mzee huyo ni ushindi. Usimfikirie tena mtoto wa huyo mwanamke.

Ninahama. Ninakokwenda kuna baridi kuliko Tukuyu kwako, na hakuna posta. Usimwambie Mama. Akiuliza, mwambie ninasoma. Barua zako mpe yuleyule anayeleta kaseti.

Ndugu yako katika imani,
Abu Yasir (uliyekuwa ukimwita Idrisa)


Tukuyu,
16 Agosti 1998

Idrisa,

Asalaam aleikum. Sitakuita hilo jina jingine. Popote ulipo, natumaini una blanketi. Mimi si mgonjwa, lakini tangu Ijumaa ile chakula hakipiti.

Utakuwa umesikia kuhusu bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Nilisikia mchana kwa walimu wenzangu, nikakimbilia chumbani nifungue redio. Nilikuwa nimeacha kaseti yako ndani, na kwa haraka nikabonyeza kitufe cha kaseti. Akaanza yule msemaji, akilia, anasema wapigeni popote mtakapowakuta. Idrisa, nilisimama na mkono hewani. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara niliona milima, na watu wa mbali wenye vifaru. Sikuwahi kuiona Barabara ya Bagamoyo. Waliokufa ni watu wa kwetu.

Asubuhi yake nilikuwa bado naihangaikia redio ile, nikibonyeza hiki na kile, Mama Ackson akabisha hodi. Kaseti ilikuwa imejirudia tena. Alisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, akasikiliza kidogo.

"Huyo ni nani anayelia hivyo?"

"Mhubiri," nikasema, nikaizima.

"Maskini. Kafiwa?"

Nikasema sijui. Akaniangalia usoni, maana nilikuwa sijafunika.

"Mzee kasema nianze kwako," akasema. "Ackson yuko salama. Alipeleka ndizi Jumatano, tukawa hatujui. Dereva mwenzake amefika alfajiri, anasema amemwona sokoni kwa macho yake, anagombana na wateja. Basi Mzee kasema, nenda kamwambie Mwalimu kwanza, kabla hujamwambia hata dada yake, kwa sababu hajalala huyo."

Nilimuuliza kwa nini mimi kwanza.

Mama Ackson akatazama ukuta wangu wenye moshi. "Si wewe unamwogopa?"

"Namwogopa nani?"

"Mzee. Mkwe humwogopa baba mkwe. Hamtazami, hali naye, hataji jina lake, akimwona njiani anageuka. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Siku hizi mabinti wanawapa wakwe zao mkono kama wanauziana nyanya. Mzee aliona wewe, mtu wa mbali, mtu wa shule, umemgeuzia uso, umefunika kichwa, umerudisha sufuria ya nyumba ya wazazi na kujipikia. Akasema, Ackson kaongea na huyu binti hakutuambia. Tangu hapo anakupisha. Haki yako."

Nikauliza kuhusu msiba wa Tulia.

"Tulia kaambiwa. Mzee alikuwepo pale, mkwe utakaaje naye?"

Akaweka kibuyu chini, akaniambia ninywe, akaenda.

Idrisa, unaelewa? Sikutia hofu katika moyo wa mtu yeyote. Mimi nilikuwa nawakana, wao wakanipokea. Kila nilipogeuza uso kwa chuki niliyofundishwa, yule mzee alisimama kwenye umande na magonjwa yake ya kifua, akaniheshimu. Nimekaa humu karibu mwaka mzima nikijiona mtakatifu kwa heshima ya watu niliowaita najisi. Nimesoma, nina diploma, nawafundisha watoto historia, na sikujua kilichokuwa kikitokea uani nilipolala.

Ackson amerudi Jumanne. Wamemtania mpaka akaja kusimama nje ya dirisha langu. "Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Nimeoa lini? Maana nyumbani nimeambiwa nisikusumbue kabla ya mahari." Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio. Akaondoka kwa adabu.

Baba alitufundisha, na wewe ulikuwepo, tumekaa kwenye mkeka: jeneza la Myahudi lilipita, Mtume akasimama. Wakamwambia huyo ni Myahudi. Akasema, je, si nafsi? Mbona kwenye kaseti zote zile hakuna mahali jeneza hilo linapita?

Sikuulizi kama ulijua chochote kuhusu Dar. Naogopa kukuuliza. Nakuomba urudi. Nauli nitatafuta. Usiniandikie mafundisho. Niandikie siku ya kuja.

Dada yako,
Zaina


(Bila mahali)
Desemba 1998

Kwa Zaina,

Barua yako imenifikia imechelewa na imelowa.

Unaona haya mbele ya makafiri kuliko unavyoona haya mbele ya Mola wako. Waislamu waliokufa Dar watafufuliwa kwa nia zao. Hilo limeshajibiwa na wanaojua kuliko mimi na wewe. Ukibaki katika hali hiyo, sitaweza kukuandikia tena, kama nisivyomwandikia Baba.

Kesho tunapanda milimani. Ndugu aliyenitangulia, maiti yake nimeiona mwenyewe, si picha. Wamesema alitabasamu.

Miguu ya Mama bado inavimba?

Mdogo wako


Tukuyu,
30 Mei 1999

Mdogo wangu Idrisa,

Asalaam aleikum. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Desemba. Mtu wa kaseti hapokei tena barua, anasema hanijui. Hii naituma kwa anwani ya zamani ya Khartoum, labda mmoja wa wale waliokuuguza bado yuko hapo.

Miguu ya Mama inavimba. Nilimwandikia kwamba umeuliza. Amejibu, "Mwambie aje aitazame mwenyewe, haivimbi kwa barua." Baba bado anakutaja kwenye dua kila maulidi, kwa jina alilokupa yeye.

Mzee Anyosisye amefariki. Kifua. Alilazwa hospitali ya Igogwe, wakamrudisha nyumbani ili afie kitandani kwake.

Nikuambie sikuwahi kumweleza ukweli. Kila siku nilisema kesho. Nilivua kitambaa cha uso, kichwa nafunika kama Mama, lakini nilipokutana naye njiani sikuweza kumtazama. Nilikuwa naingia mimi kwenye migomba, mbele yake, ili asitangulie yeye. Kwa macho ya watu hakuna kilichobadilika. Yeye alipita taratibu, akikohoa, na naamini alifurahi. Kile nilichokuwa nikifanya kwa kiburi nilikifanya kwa haya, na hakuna aliyejua tofauti isipokuwa mimi.

Msibani nilikwenda. Nilikaa nje na akina Tulia tukimenya ndizi. Tulia akanisogezea kisu kizuri, yeye akachukua kibovu. Nilimwambia, "Tulia, nilipaswa kuja kwako." Akasema, "Menya, Mwalimu, watu wana njaa." Tukamenya.

Kabla hawajamtia jenezani, Mama Ackson alitoka akanishika mkono. Wanawake wamejaa ndani, wanalia. Akanipitisha katikati yao mpaka kitandani. "Njoo," akasema. "Sasa unaweza kumtazama."

Nikamtazama. Idrisa, hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona uso wa yule mzee kwa karibu tangu mwaka ule nilipohamia. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sikulijua. Taya imefungwa kwa kitambaa. Mdomo umekaa upande, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaahirisha. Hatabasamu. Alinukia dawa ya kupaka kifuani na moshi wa kuni. Nililia mpaka wakanitoa.

Jioni nilimkuta Mama Ackson jikoni. Nikapiga magoti, nikaanza. "Mama, mimi sikuwa namwogopa Mzee. Nilikuwa..."

"Najua," akasema.

"Hujui, Mama."

"Nilijua siku uliporudisha sufuria. Mkwe hawezi kuiacha mlangoni kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Mkwe angeingia, angepiga magoti hivyo ulivyopiga." Alikuwa anachochea moto, hakunitazama. "Lakini Mzee alikuwa na furaha. Alisema, Mama Ackson, adabu haijafa. Ningemwambia nini? Kwamba binti anatuona uchafu? Nikanyamaza. Nikasema atachoka."

Nilimuuliza kama alikuwa na hasira.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Leo nina msiba. Leta ile sufuria."

Nikageuka. Sufuria ilikuwa kwenye msumari wake, imefunikwa kitambaa isishike masizi. Sikuthubutu kuishika. Akasema, "Chukua, haijapikiwa kitu." Tukapika humo uji wa wafiwa.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Kama uko hai na unasoma, huna haja ya kunijibu maneno ya dini. Nitayasoma kwa Baba. Na kama siku moja atakuja mtu kwenye mlango huu na picha ya uso wako, akaniambia nitazame, anatabasamu, nitamrudishia picha yake. Tabasamu lako nalijua, una jino lililopanda la kushoto, na hukuwahi kutabasamu ukiwa umelala. Mimi nataka uso wako ulionuna. Ule wa asubuhi, ukiamshwa kwenda kuchota maji, unanitukana chinichini huku unatafuta viatu.

Njoo na huo. Nitageuka njiani nikupishe, ukitaka. Ila pita.

Dada yako,
Zaina